Broka wa Jumapili

Jumapili ni siku ya Bwana, na hapa Machakos ilikuwa pia siku ya Muthama. Nawaandikia nyinyi vijana ambao mmeanza kuweka akiba ya nyumba, na nimeanza na jina lake makusudi, mtu asije akasema Mama Ndinda alizungukazunguka. Sizunguki. Nilikuwa broka wa nyumba na ploti mji huu kuanzia miaka ya tisini mpaka magoti yakakataa milima, na watu walionila nawajua kwa majina. Wawili nitawataja. Wengine wameshakufa, na kwetu maiti hatuitukani, tunaiacha ijibu huko iliko.

Shule niliacha darasa la tano, kwa hivyo usitafute hapa maneno makubwa. Tafuta jambo moja tu: ukitaka kununua nyumba, usianze na nyumba. Anza na yule anayekuonyesha. Nyumba mbaya inaweza kurekebishwa, unapiga plasta, unabadilisha mabati. Broka mbaya hapigwi plasta.

Wa kwanza ni Mbithi. Huyu aliniuzia nyumba kabla sijaingia kazi hii, na ndiye aliyenifanya niingie, kama vile jino bovu linavyomfundisha mtu njia ya hospitali. Mimi na baba Ndinda tulikuwa tunauza mitumba soko la Tala. Tukasema sasa tupate kwetu. Mbithi akatupeleka kuona nyumba ya mawe upande wa Kangundo, vyumba vitatu, na huko uani kuni zimepangwa vizuri mpaka nikasifu.

"Hawa ni watu wa bidii," nikasema.

"Mama," Mbithi akajibu, mkono kifuani, "hizo kuni zote nakuachia bure!"

Nilifikiri ni ukarimu. Tukahamia, nikapika na zile kuni, nikapika, nikapika, na siku nilipofika chini nikakuta saruji. Juu ya saruji, msalaba. Kwenye msalaba, jina la baba wa hilo boma. Sasa nyinyi mnajua kwetu Ukambani mtu hauzi mahali amemlaza baba yake mpaka mama na ndugu wote wakae chini wakubaliane. Hawa hawakuwa wamekaa. Kijana mmoja ndiye aliuza, wenzake wakiwa kazini Mombasa. Walirudi na mama yao mzee. Hawakutupiga, hawakututukana, na afadhali wangetutukana. Yule mama aliketi juu ya kaburi akalia, na mimi nikaketi karibu yake nikalia, na hakuna aliyejua nani anamlilia nani.

Tulitoka na godoro na sufuria. Baba Ndinda akasema mji umemshinda, akarudi kwao Ndithini kulima, na analima mpaka leo, na mihogo yake ni mizuri. Mimi nikabaki na hasira. Hasira ikikosa pa kwenda inatafuta kazi.

Yangu ilipata kwa Nzioka. Nzioka alikuwa broka mwembamba, koti moja la kijivu, ugoro puani, na maneno machache. Siku hizo broka hana ofisi. Ofisi ilikuwa benchi nje ya hoteli ya chai karibu na soko. Ukitaka ploti unakuja, unaagiza chai mbili, moja yako na moja yake, unasikilizwa. Siku moja nilimkuta Mbithi kwenye hilo benchi nikamtukana mbele ya watu mpaka chai zikapoa, na Nzioka akasema baadaye kwamba alinichukua kwa sababu sikurudia tusi hata moja. "Huyu ana kumbukumbu," akawaambia wenzake. "Na broka ni kumbukumbu."

Kazi ya kwanza aliyonipa, alinipeleka kuona nyumba moja Mumbuni. Mimi nikaanza kugonga ukuta, kufungua milango, kuangalia dari, najifanya najua. Nzioka alikuwa amesimama nje na mgongo kwa nyumba, anaangalia ng'ambo ya barabara.

"Mzee, huingii?"

"Niingie nikafanye nini? Nyumba haiwezi kuniambia kitu. Jirani ndiye hanyamazi."

Akavuka, akaomba maji ya kunywa kwa yule jirani. Ni hivyo tu. Akapewa kikombe, akaketi, akakaa huko mpaka jua likazunguka. Aliporudi alijua maji ya mfereji yanakuja siku gani na siku gani hayaji, alijua mwenye nyumba ana mabibi wawili na yule mdogo hajaambiwa kama kunauzwa, alijua mvua ikinyesha barabara inakuwa mto. Kwa kikombe kimoja cha maji! Na hapa kwetu, jirani akikupimia maji kidogo kwenye kikombe, hiyo nayo ni habari. Imekuambia mambo ya kisima.

Kwa hivyo mkipata broka, mwangalieni anapofika mtaani. Anasalimia watu? Wanamjibu? Kuna broka akiingia mtaa watoto wanamkimbilia, na kuna broka akiingia hata mbwa wanajua. Na ukiambiwa kuna pesa ya kuonyeshwa, kabla hujaona hata mlango, sema asante uende nyumbani. Na broka anayekupa wakili, anakuambia "huyu ni wetu, atatusaidia wote," mwambie vai thina, hakuna shida, lakini mimi nitakuja na wangu. Halafu mwangalie uso. Ukikunjamana, umeshajibiwa.

Haya. Muthama.

Muthama alikuja wakati simu za mkono zimeingia na benchi letu limeanza kuonekana la kizamani. Suti, viatu vya ncha, simu sikioni hata akitafuna nyama. Siku moja tulikuwa pamoja nyuma ya kilima, njia ya Matuu, mahali ambapo network ilikuwa haijafika hata ukipanda juu ya mti. Muthama akatoa simu mbele ya wateja: "Ndiyo meneja... hapana meneja... mwambie wakili angoje." Wateja wakamwangalia kama nabii.

Nikamwambia, "Muthama, muulize huyo meneja yuko wapi, twende huko na sisi tupate network."

Hakunipenda tangu siku hiyo. Mimi sikuwa nimempenda tangu kabla.

Sasa, mjini kulikuwa na Mama Zuhura. Alikuwa anapika mahamri na kuyatembeza asubuhi, na mumewe Mzee Bakari alikuwa fundi cherehani mpaka macho yakamwishia. Wazee wao walitoka pwani zamani, wao wenyewe walizaliwa hapa. Walikuwa wamepanga vyumba viwili nyuma ya msikiti miaka mingi, na Mzee Bakari, pamoja na ule upofu wake, alikuwa anaenda kuswali peke yake bila kushikwa mkono. Miguu ilijua kila jiwe. Halafu mwenye nyumba akafa, watoto wake wakataka kujenga ghorofa, wakawapa notisi ya kuhama. Pesa ya kununua walikuwa nayo, fungu la urithi ambalo Mama Zuhura alitumiwa kutoka kwa ndugu zake. Fungu hilo moja. Likiliwa, hakuna lingine, na wale wawili wangezeekea kwenye varanda ya watu.

Alinijia nikiwa kwenye benchi, amefurahi, kanga imekaa upande.

"Mama Ndinda, nimepata nyumba! Yenye geti la chuma, na msikiti ni pale pale, barabara tambarare, mzee wangu atakwenda mwenyewe. Nimekuja unipongeze tu, maana nimetafutiwa na mwingine, usinikasirikie."

"Nani?"

"Kijana mmoja mwungwana sana. Muthama."

Nikaweka chai chini. "Mama, nyumba umeiona siku gani?"

"Jumapili."

"Saa ngapi?"

"Saa nne hivi."

"Na majirani?"

"Sikuona mtu. Kimya, raha tupu. Muthama asema mtaa ule ni wa watu wastaarabu."

"Mama, huo mtaa ulikuwa kanisani."

Akaniangalia. Kwake Jumapili ilikuwa siku ya kazi kama Jumatatu, angewaza vipi kwamba watu wote wametoka? Muthama alijua hilo. Hakumpa siku hiyo kwa bahati. Wateja wake wote aliwaonyesha nyumba Jumapili, saa nne, wakati waimbaji wameshika wimbo wa kwanza na hakuna jirani wa kuombwa maji.

"Huo ni wivu wa biashara, mwanangu," akasema, lakini sauti imeshuka.

"Wivu ninao, sikatai. Lakini hata mwenye wivu anaona shimo. Mwambie akupeleke tena Jumanne."

Akaenda. Akarudi kesho yake, kanga imekaa sawa sawa sasa.

"Nimemwambia Jumanne. Ati Jumanne ana mkutano."

"Jumatano je?"

"Ati Jumatano mwenye ufunguo yuko safarini. Alhamisi atakuwa kwa wakili. Ijumaa ati niende nikaswali, asinivunjie ibada, ameniheshimu sana. Jumamosi anazika."

"Anazika nani?"

"Hajajua bado." Akacheka mwenyewe mpaka akashika benchi. Halafu kicheko kikaisha ghafla. "Na Alhamisi jioni anataka arubuni. Asema kuna mwingine anaitaka."

Siku zote kuna mwingine anaitaka, vijana wangu. Huyo mwingine sijawahi kumwona miaka yote niliyofanya kazi. Siku nikimwona nitamnunulia chai.

Nilitaka kumwambia tutakavyofanya, lakini yeye alikuwa ameshapanga kuliko mimi. Jumatano asubuhi alichukua kapu lake la mahamri akaenda kuuza mtaa ule ule, mlango kwa mlango, kama muuzaji mwingine yeyote. Mimi nilibaki ng'ambo kwa muuza makaa, nachagua makaa ambayo sikutaka, nasikia yote, kwa maana wanawake wa mtaa ule hawakufundishwa kunong'ona. Mlango wa kwanza akatoka mama mmoja mnene, Mwikali, mtoto mgongoni.

"Maandazi ni ya leo?"

"Ya leo, yana iliki. Hebu niambie bibiye, hii nyumba ya geti inauzwa?"

"Hii?" Mwikali akaangua kicheko. "Hii inauzwa kila Jumapili!"

"Kila Jumapili vipi?"

"Iko na kesi, mwaitu, mama yangu. Ni ya ndugu wawili. Mkubwa ndio anaishi ndani na bibi yake. Mdogo ndio alipatia huyo broka wa suti kifunguo. Sasa mkubwa na bibi wakienda kanisa, hao wanaingia, wanaonyesha watu jikoni, wanaonyesha watu bedroom, wanatoka. Mama ya hiyo nyumba anauliza kila wiki nani amekaa kwa kiti yake."

"Na nyinyi hamsemi?"

"Tuambie nani? Wenyewe wanajua, ndio maana iko kesi, lakini tukirudi kutoka kanisa tunapata tu alama ya gari. Kuna bwana mmoja alilipa, akakuja na lori, kitanda iko juu. Walipigana hapo kwa geti. Lori ilirudi na kitanda, lakini huyo bwana hajarudishiwa kitu."

Na hapo hapo geti likafunguka. Akatoka bibi wa yule ndugu mkubwa na beseni la nguo, akaita, "Mama wa maandazi, niwekee manne!" Mama Zuhura akamhesabia manne, akapokea pesa yake, akamshukuru. Alikuwa ameshachagua pazia za dirisha la huyo mama. Aliniambia rangi.

Tuliporudi alitembea mbele yangu, kanga usoni, mpaka sokoni. Nikajua analia. Nilipomwangalia, alikuwa anatafuna andazi.

"Yamebaki matatu," akasema. "Moja ni la Muthama."

Alhamisi jioni tukamkuta hotelini, karatasi ya arubuni mezani, kalamu imewekwa juu yake kama kisu kwenye nyama. Akainuka, akavuta kiti.

"Karibu mama, karibu! Mzee hajambo? Leo tunamaliza."

Mama Zuhura akafungua kitambaa, akaweka andazi juu ya ile karatasi, katikati kabisa.

"Hiyo ndiyo arubuni yangu, mwanangu. Mwenye nyumba amenunua manne jana, amesema ni matamu. Nimeona nawe uonje, maana mwamjua vizuri, mwaingia hadi chumbani kwake."

Hoteli ikapasuka kwa kicheko. Mpishi alitoka jikoni na mwiko kuja kuuliza kumetokea nini. Muthama akatoa simu, akasema, "Ndiyo meneja," akatoka nje. Nzioka, ambaye sikumbuki kumwona akicheka siku nyingine yoyote, alicheka mpaka ugoro ukammwagikia.

Mimi nikaona sasa mteja ni wangu. Nikajifunga leso. "Haya mama, kesho nitakuonyesha nyumba nzuri."

"Ngoja," Mama Zuhura akasema. "Wewe ulimwuzia nani?"

"Wengi tu."

"Nitajie wanaokaa karibu. Nipeleke kwao. Lakini wewe ubaki nje."

Nikakasirika. Mimi! Niliyemwokoa! Lakini ningesema nini? Kama dawa ni ya Muthama, basi na mimi ninywe. Nikampeleka kwa watu niliowauzia, na kila nyumba nikasimama juani huku yeye ndani anapewa chai. Nyumba ya tatu alikaa sana. Nikasikia wanacheka. Nikajua wananicheka mimi.

Akatoka, akapanga kanga. "Huyo bwana asema una mdomo mchungu kama shubiri."

"Amesema hivyo?"

"Asema alipokuja kununua, kabla hajavuka kizingiti ulimwambia bati linavuja upande wa jikoni, na choo kitajaa baada ya miaka miwili, na jirani wa kushoto ana deni la maneno na kila mtu. Asema alidhani unamfukuza."

"Na bati linavuja kweli?"

"Linavuja. Na choo kimejaa." Akaanza kutembea. "Broka anayeisema vibaya nyumba yake mwenyewe, huyo ndiye namtaka. Twende."

Hiyo andikeni mahali, vijana, hata kwa mkaa ukutani. Asiyekuambia kasoro kabla hujaiona, anangoja uione ukiwa umeshalipa. Na asiyetaka uende kwa watu aliowauzia, hao watu wanamtafuta.

Nyumba niliyompata haikuwa na geti la chuma. Ilikuwa ya vyumba viwili na jiko, mabati yamepata kutu, choo nje, lakini ilikuwa mtaa ule ule wa msikiti, kona moja tu. Nilimpeleka Jumatatu, nikampeleka Alhamisi, nikampeleka siku mvua imenyesha. Nikamwambia kutu, nikamwambia choo, nikamwambia jirani wa nyuma anafuga jogoo mwendawazimu. Mzee Bakari aliletwa, akaachwa mlangoni, akaambiwa aende msikitini. Akapotea mara ya kwanza, akafika kwa muuza nyama. Mara ya pili akafika. Mara ya tatu alitupita sisi wenye macho.

Muuzaji alikuwa bwana mmoja anarudi kwao Masinga. Nilikataa kitu chochote kiandikwe mpaka bibi yake na watoto wake wakubwa wamekuja wakakaa kwenye mkeka mmoja, kila mmoja aseme kwa mdomo wake kwamba amekubali. Mtoto mmoja alichelewa, tukamngoja. Bwana akalalamika ninamchelewesha. Nikamwambia mimi nimewahi kupikia juu ya kaburi, kwa hivyo anyamaze. Mama Zuhura akaenda na wakili wake mwenyewe ofisi ya ardhi, akahakikisha jina kwenye hati ni la muuzaji yule yule aliyekuwa anakula mahamri yake mkekani, na mambo yakaisha bila kelele. Hivyo ndivyo mambo mazuri huisha, ndiyo maana hayasimuliwi sana.

Muthama sasa yuko upande wa Syokimau, ana ofisi ya vioo, na vijana wa Sheng wanamwita "mkubwa." Namtaja ili mkikuta mtu wa suti anawaambia Jumapili ndiyo siku nzuri ya familia kuja kuona ploti, mjue mwalimu wake. Wengine huko ni wazuri, wa kweli, na wana simu zenye network. Waulizeni tu: naweza kuja Jumatano?

Siku ambayo Mama Zuhura alihamia nilienda kuona kama vitu vimefika. Nyumba hiyo nilikuwa nimeingia na wateja mara nyingi, nikasukuma mlango kama kawaida, nikaingia mpaka katikati. Mzee Bakari alikuwa ameketi kwenye mkeka, kiganja chake kiko ukutani, anaupapasa taratibu kutoka dirisha kwenda mlango, anajifunza.

Mama Zuhura akatoka jikoni na mwiko.

"Mama Ndinda, umeingiaje?"

"Si nimesukuma mlango."

"Toka."

"Nini?"

"Toka nje. Hapa si pa kuonyeshwa watu tena. Toka, upige hodi."

Nikamwangalia kama anatania. Hakuwa anatania. Nikatoka, yeye akaurudisha mlango, nikasikia komeo. Nikasimama hapo nje juani kama muuza sabuni, mimi niliyeitafuta hiyo nyumba, jogoo mwendawazimu ananipigia kelele. Nikajipanguza vumbi la viatu. Nikapiga hodi.

Nikasikia wazee wawili wanacheka kwa ndani.

Nikapiga tena.

"Nani?" akauliza, kwa sauti kubwa, mtaa mzima usikie.

"Ni mimi, mgeni wenu."

Komeo likavutwa.